MTOTO ASIYESIKIA SI MKAIDI

(Haya ni mazungumzo ya mganga wa zahanati mbele ya wanakisomo na wazee wa kijiji. Yameandikwa kama alivyoyasema, ili kila kikundi kiyasome na kuyajadili.)

 

Leo tuzungumze juu ya masikio. Mwalimu wenu ameniambia kwamba mkishasoma jambo mnapenda kuuliza. Vizuri sana. Mimi nitaeleza kwanza, halafu nitajibu maswali.

Wahenga walisema: sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii tunaitumia kwa mtu asiyekubali kuonywa. Lakini wako watu wanaoishika kama ndiyo sheria ya masikio yenyewe. Mtoto akitoka usaha sikioni wanasema, "Mwacheni, ataacha akikua." Mzee akiacha kusikia wanasema, "Uzee huo." Mtoto akiitwa asiitike wanasema, "Mkaidi huyo, mpe fimbo." Basi sikio linaachwa mpaka linakufa kweli, kumbe lingeweza kupona.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake juu ya usikivu mwaka 2021. Lilisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wamepungukiwa na usikivu kiasi cha kuhitaji msaada. Wengi wao wako katika nchi za kipato kidogo na cha kati, kama hizi zetu. Shirika hilo linasema pia kwamba katika watoto 100 waliopotewa na usikivu, 60 hivi wamepatwa kwa sababu ambazo zingeweza kuzuiwa. Sikieni hapo: 60 katika 100! Hao hawakuwa na masikio ya kufa. Walikosa chanjo, au walikosa dawa, au walichelewa.

SAUTI NI NINI?

Kwanza tuelewe sauti. Chukua ngoma. Weka juu ya ngozi yake punje chache za ulezi. Piga ngoma. Je, unaona nini? Punje zinarukaruka. Maana yake ngozi inatetemeka. Ngozi ikitetemeka inausukuma upepo ulio karibu nayo. Upepo huo unausukuma mwingine, na mwingine, kama mawimbi ziwani ukitupa jiwe. Mawimbi hayo ya upepo ndiyo sauti.

Sauti husafiri. Inakwenda yapata mita 340 kwa sekunde 1. Umewahi kumtazama mtu anayekata kuni ng'ambo ya bonde? Unaliona shoka limekwisha kuanguka, halafu ndipo unasikia "ko!" Macho yamepata habari mapema. Masikio yanangoja sauti ifike.

SIKIO LINA SEHEMU TATU

Sehemu ya kwanza ni sikio la nje. Ni hili tunalolishika, pamoja na tundu lake. Hili la nje hukusanya sauti kama faneli inavyokusanya mafuta. Tundu lina urefu wa sentimita 2 na nusu hivi. Ndani yake mwili hutengeneza nta. Watu huiita uchafu, lakini si uchafu. Nta hukamata vumbi na wadudu, na huilinda ngozi ya ndani isipate maji. Kwa kawaida hutoka yenyewe pole pole.

Mwisho wa tundu pana ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Inaitwa kiwambo cha sikio. Sauti ikifika, kiwambo hutetemeka.

Sehemu ya pili ni sikio la kati. Ni chumba kidogo nyuma ya kiwambo. Humo mna vifupa 3 vilivyoshikana. Kimoja kina umbo la nyundo, cha pili ni kama fuawe la mhunzi, na cha tatu ni kama kikuku cha kukanyagia wapanda farasi. Hicho cha tatu ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni milimita 3 hivi, kama punje ya mchele iliyovunjika! Kazi ya vifupa hivi ni kupokea mtetemo wa kiwambo na kuupeleka ndani kwa nguvu zaidi.

Chumba hiki kina mrija unaokwenda mpaka nyuma ya pua, kooni. Ukipanda mlima kwa gari, sikio huziba, halafu ukimeza mate linafunguka. Mrija huo ndio uliofunguka. Kwa mtoto mdogo mrija ni mfupi na umelala. Kwa hiyo mafua yake hupanda sikioni upesi. Ndiyo sababu watoto huugua masikio kuliko watu wazima.

Sehemu ya tatu ni sikio la ndani. Liko ndani kabisa ya mfupa wa kichwa. Lina umbo lililojizungusha kama kombe la konokono. Wataalamu huliita koklea. Ndani yake mna maji, na mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila koklea ina chembe 15,000 hivi zenye vinyweleo hivyo. Vifupa vikigonga, maji hutikisika, na vinyweleo huinama kama mpunga shambani unapopigwa na upepo. Hapo chembe hutoa habari, mshipa wa fahamu huichukua, na kuipeleka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaojua: huyu ni mama, ile ni mvua, yule ni mbwa wa jirani.

Chembe zilizo mlangoni mwa koklea hupokea sauti nyembamba, kama ya kifaranga. Zilizo mwisho wake hupokea sauti nene, kama ya ng'ombe dume. Georg von Békésy, mtaalamu aliyezaliwa Hungaria, ndiye aliyeonyesha jinsi mawimbi yanavyopita ndani ya koklea. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi hiyo.

Sasa shikeni jambo hili moja. Chembe za koklea zikifa kwa binadamu hazioti tena. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba kuku, chembe zake zikiharibika, huotesha nyingine. Kuku anaweza, sisi hatuwezi! Kwa hiyo tunalopewa siku ya kuzaliwa ndilo la kulitunza mpaka mwisho.

KUTOSIKIA KUKO KWA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni pale njia inapoziba au kuharibika. Nta imejaa, au kuna punje ya haragwe, au kuna usaha, au kiwambo kimetoboka. Koklea ni nzima, lakini sauti haifiki. Hii mara nyingi hutibika.

Namna ya pili ni pale koklea au mshipa wa fahamu unapoharibika. Hii mara nyingi hairudi. Lakini mtu anaweza kusaidiwa.

Huwezi kujua ni namna gani kwa kumtazama mtu usoni. Ndiyo maana lazima apimwe.

USAHA WA SIKIO SI JAMBO DOGO

Hebu tuwe wakweli. Katika kijiji chetu ni watoto wangapi wanaotoka usaha? Tumewaona. Nzi wanawafuata. Wenzao shuleni hawataki kukaa nao. Na sisi tumezoea.

Usaha huanza hivi. Mtoto anapata mafua. Vijidudu vinapanda kwa ule mrija mpaka chumba cha kati. Usaha unajaa. Mtoto analia usiku na kushika sikio, homa inapanda. Mwisho kiwambo kinapasuka na usaha unatoka. Maumivu yanapungua, na mzazi anasema, "Ahaa, amepona." Hajapona. Kiwambo kimetoboka.

Akitibiwa mapema, mara nyingi tundu hufunga lenyewe. Asipotibiwa, usaha unaweza kutoka kwa miaka. Unaweza kula vile vifupa 3. Unaweza kuingia katika mfupa wa nyuma ya sikio, na hata kufika kwenye ubongo na kuua.

Mlete zahanati. Tutamwangalia na kumpa dawa ya kumeza au ya matone, kwa kadiri ya ugonjwa. Usaha uliotoka siku 14 au zaidi unahitaji dawa ya matone iliyo maalumu kwa sikio. Usinunue dukani kwa kubahatisha.

Lakini dawa ya matone haiwezi kufanya kazi ikiwa sikio limejaa usaha. Itaelea juu. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mama na baba nyumbani: kulikausha sikio. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kitambaa safi, laini, kinachonyonya maji. Kisokote kiwe kama utambi wa taa.
3. Kiingize taratibu sikioni mpaka kilowe. Usitumie kijiti.
4. Kitoe, weka kingine kisafi. Endelea mpaka kitoke kikavu.
5. Ndipo utie matone uliyopewa na mganga.
6. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, mpaka sikio likauke.

Usimwachie mtoto pamba sikioni. Asiogelee mtoni wala ziwani mpaka apone. Na ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au homa kali na shingo kukaza, au uso kupinda upande mmoja, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja.

MAMBO MENGINE YANAYOHARIBU MASIKIO

Homa ya uti wa mgongo inaweza kuua koklea kwa siku chache. Surua na matumbwitumbwi pia huharibu. Rubella, ambayo wengi hawaijui, humletea mama mjamzito vipele na homa ndogo tu, lakini mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa kiziwi. Mtoto anayekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au anayepata manjano kali siku za mwanzo, naye yuko hatarini.

Kwa mengi ya hayo tunayo kinga. Tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania huchanjwa surua na rubella kwa pamoja, akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Wengi hukumbuka ya miezi 9, halafu ile ya miezi 18 wanaisahau. Jamani, angalieni kadi. Mmekwisha jifunza kusoma, kadi sasa haiwashindi! Na mama mjamzito ajifungulie kituoni.

Halafu kuna kelele. Kelele kubwa huzipiga zile chembe mpaka zinalala, kama mpunga uliokanyagwa na ng'ombe. Zikikanyagwa mara moja huinuka. Zikikanyagwa kila siku, hazinuki tena. Kipimo cha ukubwa wa sauti huitwa desibeli. Mnong'ono ni desibeli 30 hivi. Mazungumzo ya kawaida ni 60 hivi. Kuanzia 85, mtu akikaa humo saa 8 kila siku, masikio yanaanza kuharibika. Ikiongezeka desibeli 3 tu, muda wa usalama unapungua nusu: badala ya saa 8 ni saa 4.

Huna kipimo? Tumia hiki: ikiwa mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja, na unalazimika kupaza sauti ndipo akusikie, basi kelele hiyo ni hatari.

MASIKIO HUPIMWAJE?

Watu wengine wanaogopa vipimo. Wanadhani watachomwa sindano. Vipimo hivi haviumizi.

Kwanza, tunatazama. Tunacho kitochi kidogo chenye mdomo mwembamba. Tunamulika ndani ya tundu, tunaona nta, usaha, na kiwambo kama ni kizima.

Pili, mnong'ono. Nasimama nyuma yako, umbali wa mkono mmoja, usione midomo yangu. Sikio moja tunaliziba na kulisugua. Nanong'ona, kwa mfano, "nne, saba, mbili." Wewe unarudia. Ukishindwa mara nyingi, nakuandikia uende hospitali.

Tatu, chuma chenye ncha mbili kama uma. Ukikigonga kinalia "nnnn". Daktari hukiweka mbele ya sikio, halafu mfupa wa nyuma ya sikio, halafu katikati ya paji la uso. Sauti inaweza kupita katika mfupa na kufika koklea bila kupita tunduni. Ukisikia vizuri zaidi kwa mfupa kuliko kwa hewa, basi njia ndiyo mbovu, koklea ni nzima. Vipimo hivi viliandikwa na Wajerumani wawili, Weber mwaka 1834 na Rinne mwaka 1855. Ni vya zamani, lakini mpaka leo vinatumika.

Nne, mashine iitwayo odiometa. Unakaa katika chumba kimya, unavaa spika masikioni. Mashine inatoa mlio mmoja mmoja: mnene, mwembamba, mkubwa, mdogo. Ukisikia, unabonyeza kitufe au unainua mkono. Mpimaji anachora mstari kwenye karatasi. Mtu anayesikia mlio ulio chini ya desibeli 20 yuko sawa. Anayeanza kusikia kwenye 35 au zaidi kwa sikio lake lililo zuri anahitaji msaada. Anayeanza kusikia kwenye 80 au zaidi husikia kwa shida kubwa sana hata mtu akipaza sauti karibu naye.

Na mtoto mchanga je? Hawezi kuinua mkono. Hapa pana jambo la ajabu. Mwaka 1978 Mwingereza David Kemp alionyesha kwamba koklea nzima, ikisikia mlio, yenyewe hutoa mlio mdogo sana wa kujibu. Basi kijispika huwekwa sikioni mwa mtoto aliyelala, mashine inasikiliza jibu. Jibu likikosekana, mtoto hupimwa zaidi kwa vijiwaya vinavyobandikwa kichwani, kuangalia kama habari inafika kwenye ubongo. Vijiwaya havitoboi ngozi. Vipimo hivi viko katika hospitali kubwa. Wataalamu hutaka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lijulikane kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Hapa kijijini mama mwenyewe ndiye kipimo cha kwanza. Mtoto mchanga hushtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Wa miezi 6 hugeuza kichwa akisikia sauti ya mama nyuma yake. Wa mwaka 1 hujua jina lake na huanza neno moja moja. Wa miaka 2 huunga maneno mawili: "mama maji", "baba njoo". Mtoto wako akiwa nyuma ya hapo, mlete. Usiambiwe, "Hata baba yake alichelewa kusema."

Kwa nini haraka hiyo yote? Kwa sababu mtoto hujifunza lugha kwa kuipokea. Miaka ya mwanzo ubongo wake ni kama udongo mbichi wa mfinyanzi. Ukikauka, kuufinyanga ni kazi.

TIBA NA MSAADA

Nta iliyojaa tunailainisha kwa mafuta, kisha tunaisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Wako watu walioingia zahanati wakidhani ni viziwi, wakatoka wanasikia mpaka jogoo wa kijiji cha pili!

Kiwambo kilichotoboka na kisichofunga, daktari wa masikio, pua na koo anaweza kukishona kiraka kwa nyama nyembamba ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa koklea iliyopungua nguvu kuna shimesikio, yaani kifaa kidogo cha betri kinachokuza sauti. Huvaliwa nyuma ya sikio. Mtu hupimwa kwanza, kifaa kikarekebishwa kwa sikio lake. Usiazime cha jirani, kama vile usivyoazima miwani yake. Kikinge na maji na jasho, kivue ukilala, osha kwa sabuni kile kipande kinachoingia sikioni tu, baada ya kukitenga na kifaa. Mtoto akikua, kipande hicho hubadilishwa. Vifaa hivi bado ni ghali, na betri ni gharama nyingine. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika watu 100 wanaovihitaji, 17 tu ndio wanaovitumia.

Kwa koklea iliyokufa kabisa kuna upasuaji wa kupandikiza kifaa. Waya mwembamba huingizwa ndani ya koklea, nao hufanya kazi ya zile chembe zilizokufa: hupeleka habari kwa mshipa wa fahamu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Gharama yake ni kubwa, na mtoto akishapandikizwa lazima afundishwe kusikia na kusema kwa miaka kadhaa.

MASWALI YA WANAKIJIJI

Mzee mmoja: "Ndugu mganga, mimi nasikia kwamba mtu anasema, lakini maneno siyapati. Hasa kwenye mkutano."

Shikamoo mzee. Swali lako ni la wazee wengi. Katika uzee chembe za mlangoni mwa koklea hufa kwanza. Hizo ndizo za sauti nyembamba, kama s, f, na sh. Kwa hiyo unasikia mlio wa maneno, lakini "shamba" na "kamba" unashindwa kuyatenga. Njoo nitazame kwanza kama ni nta. Na nyinyi wajukuu, msimpigie babu kelele. Njooni mbele yake, mwone uso, semeni pole pole. Anayeachwa nje ya mazungumzo huishia kukaa peke yake, na upweke nao ni ugonjwa.

Mama mmoja: "Mama mkwe ananiambia nimtie mtoto mafuta ya taa sikioni, usaha utakauka. Nimkatalieje?"

Dada yangu, njoo naye mama zahanati, tuzungumze wote kwa heshima. Hataki mabaya kwa mjukuu wake. Lakini mafuta ya taa huunguza. Mkojo, majani, na maji ya betri ni hivyo hivyo. Sikio lenye usaha usitie kitu ambacho hukupewa na mganga. Mdudu akiingia katika sikio lisilo na usaha, tia matone machache ya mafuta safi ya kula, afe, kisha njoo tumtoe. Punje ya haragwe usiitie maji, itavimba. Na betri ndogo ya saa ikiingia sikioni, kimbia hospitali saa ile ile, kwa sababu inaunguza nyama kwa muda mfupi.

Kijana mmoja: "Mimi nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Jioni masikio yanalia 'nziii'. Lakini asubuhi yameacha."

Mdogo wangu, huo mlio ndio masikio yanakulilia. Leo yanaacha asubuhi. Siku moja hayataacha. Vaa vizibo vya masikio au vile vikubwa vinavyofunika sikio lote. Pamba ya kawaida haitoshi. Pumzikeni kwa zamu nje ya banda. Na nyinyi wenye spika za masikioni za simu, punguzeni sauti.

Bibi mmoja: "Nilipewa kwinini zamani, masikio yakaziba. Dawa zenu ndizo zinazoua masikio!"

Bibi, kuna ukweli hapo. Kwinini huleta mlio na kuziba, lakini kwa kawaida huisha dawa ikiisha. Sindano za streptomisini na jentamisini zinaweza kuua koklea moja kwa moja. Dawa hizo zimeokoa maisha ya wengi, na hospitalini hutolewa kwa kipimo. Hatari ni ya kuchomwa sindano mitaani na mtu asiyesoma. Ukiwa kwenye tiba na masikio yakaanza kulia, mwambie mganga siku hiyo hiyo. Usiache dawa kimya kimya.

Baba mmoja: "Mwanangu ana miaka 9. Hajasikia tangu azaliwe. Umesema mapema, mapema. Kwangu mimi kumekwisha kuchwa?"

Hapana, ndugu yangu. Kwa umri huo, aliyezaliwa kiziwi na asiyewahi kusikia, upasuaji haumsaidii sana. Sitakudanganya uuze ng'ombe bure. Lakini elimu yake haijafungwa. Yuko na akili kama watoto wengine. Anachokosa ni lugha, na lugha ipo: lugha ya alama. Mkono unasema, jicho linasikia. Tanzania ina shule za viziwi tangu mwaka 1963, ilipoanzishwa ile ya Tabora. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1974. Zimefuata nyingine. Tutakwenda pamoja kwa ofisa elimu wa wilaya kuuliza nafasi. Na wewe baba, na mama yake, na ndugu zake, mjifunze alama naye. Asirudi likizo akakuta nyumba nzima hakuna wa kusema naye. Na jina la "bubu" tuliache. Ana jina lake, mwiteni kwa jina lake.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, wazee wetu mwaka 1973 walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakajifunza kampeni ya Mtu ni Afya, wakatoka hapo wakachimba vyoo. Hawakusikiliza tu. Basi nasi tusisikilize tu.

Kwanza, kila mzazi leo usiku atazame masikio ya watoto wake kwa tochi, aone kama kuna usaha, kisha amwite kila mmoja kwa sauti ndogo akiwa nyuma yake.

Pili, Jumatatu na Jumanne nimetenga asubuhi kwa ajili ya masikio tu. Wenye usaha wote waje.

Tatu, walimu wa shule: mtoto asiyeitika, anayeangalia sana midomo, anayejibu swali ambalo hakuulizwa, asichapwe. Mkalisheni dawati la mbele, na mniletee.

Nne, angalieni kadi za chanjo.

Sikio la kufa lipo, sikatai. Lakini tusiliite la kufa kabla hatujalitazama.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Vifupa 3 vya sikio la kati hufanya kazi gani?
2. Kwa nini usaha uliotoka si dalili kwamba mtoto amepona?
3. Utalikaushaje sikio lenye usaha? Onyesheni kwa kitambaa.
4. Katika kijiji chenu kuna kazi gani zenye kelele? Mtawasaidiaje wanaozifanya?
5. Je, yupo mtoto kijijini mwenu anayeitwa mkaidi au mzito wa akili, ambaye hajapimwa masikio? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake?